Shirika lilipoleta "winter" Kilwa: nilivyomponza Bi Hawa na mikorosho yake

Wakuu, heshima kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Huu uzi nimeukalia karibu mwaka mzima. Nilikuwa bado na mkataba, na mkataba ulikuwa na kipengele cha kutotoa nje mambo ya ofisi. Mkataba umekwisha, na kipengele kimekwenda nao. Ninayoandika ni ya kweli, nimebadilisha majina tu. Anayeona ni chai aje nimwoneshe shamba lenyewe, nauli juu yake.

Haya, tuingie.

Mimi ni mtu wa Somanga. Mnaosafiri Dar kwenda Lindi mnanijua hata kama hamnijui. Ni yule jamaa anayekimbilia dirisha la basi na sahani ya samaki wa kukaanga kabla basi halijasimama. Kazi hiyo nimeifanya miaka sita. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo cha sekondari, kikanolewa na watalii wanaokwenda kuangalia magofu.

Ndipo likaja shirika. La Kikristo, kutoka nje, likachukua shamba upande wa Mitole. Nyumba nne, bwawa la samaki, mbuzi, bustani ya mboga. Kazi yake kutunza watu wasiojiweza: wazee wasio na wa kuwatazama, wasioona, wenye matende, waliopooza upande mmoja.

Karibu wote walikuwa Waislamu, na hilo halikuwa tatizo. Ibada ya asubuhi alihudhuria anayetaka, na Ijumaa gari la shirika lilipeleka wazee msikitini. Niseme haki: kuna watu walikuwa wanakufa taratibu nyumbani kwao na leo wako hai. Kwa hiyo naomba mtu asiniletee vita ya dini humu, haimo.

Mimi nikapata kazi ya "mratibu wa jamii". Maana yake ni mkalimani anayejua kuendesha pikipiki. Mama yangu akauliza kama nitabatizwa. Nikamwambia hapana, nitapewa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Akaridhika.

Sasa watu wa pale hawakuruhusiwa kuitwa wahitaji. Sera ilisema waitwe "wageni". Kwa hiyo mzee aliyezaliwa Mitole, akaoa Mitole, akazika wazazi wake Mitole, akawa mgeni. Mwenyeji akawa Mama Helga, mkurugenzi, aliyefika mwaka juzi. Nililitafsiri hilo mbele ya wazee bila kucheka, ndiyo maana nikapendwa kazini.

Kati ya wageni hao alikuwepo Bi Hawa. Mjane, mguu wa kushoto una matende. Alifika wakati wa masika mguu umechimbika vidonda, nesi wa shirika akawa anauosha na kuufunga kila siku, ukaanza kukauka. Bi Hawa ni mtu mpole, wa maneno machache. Mimi aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Mwezi wa tano ikaja imeli kutoka makao makuu.

Huko kwao wana mradi wa miaka mingi wa kuwavusha watu dhaifu kipindi cha winter. Wanawaweka shambani, wanawapa chakula cha moto na mablanketi, hakuna kufanya kazi, hakuna kutoka, mpaka theluji iyeyuke. Mradi mzuri, na wafadhili wanaupenda sana. Sasa kuna mtu makao makuu alitazama ramani akagundua kuwa sisi tuko kusini ya ikweta. Akapiga hesabu, akaona winter yetu inaanza mwezi wa sita. Akasikitika kwamba miaka yote hiyo tumesahauliwa.

Jambo lingeweza kuishia hapo kama si Mchungaji Ezekia.

Huyu ndiye aliyekuwa meneja wetu, Mtanzania mwenzetu, mtu wa Makete. Wanaoijua Makete wanaelewa. Mwezi wa sita kule unaamka maji ya ndoo yameshika barafu. Mama Helga alipomuuliza kama Tanzania kuna baridi mwezi wa sita, Mchungaji alijibu kwa uchungu wa mtu aliyechunga ng'ombe peku kwenye barafu. Hakudanganya hata neno moja. Ila alikuwa anaisemea Makete.

Wiki mbili baadaye yakashushwa maboksi. Kofia za sufu, soksi za sufu, masweta, mablanketi mazito ya kumzika ngamia.

Wakuu, kipupwe cha Kilwa mnakijua. Alfajiri upepo wa kusi unakufanya utafute shuka. Ikifika saa nne jua linakukumbusha uko wapi.

Ukaitishwa mkutano. Mama Helga akauliza, kwa upole kabisa, kama wageni wanateseka na baridi. Na hapa ndipo ustaarabu wetu wa pwani ulipotuponza, maana kwetu mtu aliyekuja na zawadi hapingwi mdomoni. Mzee Ngope, kipofu, akajibu, "Baridi ipo, alhamdulillah." Bi Hawa akasema wanashukuru kwa kukumbukwa. Mimi nikatia chumvi, nikatafsiri kwamba wanateseka mno. Mama Helga akafuta machozi, nami nikajiona mkalimani bingwa.

Kisha akatoa utaratibu. Tangu mwanzo wa mwezi wa sita hadi mwisho wa mwezi wa nane hakuna mgeni kutoka shambani, hakuna mgeni kushika jembe. Akaeleza kwamba winter hata ardhi inalala, na mkulima analala nayo.

Nikatafsiri. Wageni wakatazamana.

Kwa wasiojua korosho, ngoja niwaeleze. Miezi hiyohiyo ndiyo mkorosho unaamka. Inatakiwa uwe umeshafyeka chini yake, mwezi wa saba unachanua, na lazima upulizie salfa, la sivyo ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua yote na msimu umekwenda. Kwa mtu wa huku, kuambiwa akae ndani mwezi wa sita hadi wa nane ni sawa na kumwambia muuza futari afunge duka Ramadhani.

Wageni wote wakasema ahsante sana.

Baada ya mkutano Bi Hawa akaniita pembeni ya banda la mbuzi.

"Mwanangu," akasema, "mimi baridi siioni. Mimi nina mikorosho thelathini na miwili na majani yamefika magotini. Niombee siku nne tu. Wakikataa, basi nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mwambie Hawa anaumwa mguu, anaomba mtu wa kumfyekea, korosho watagawana."

Ombi lenyewe si dogo, na nieleze kwa nini. Kijijini pale utaratibu ni kwamba shamba lisilofyekwa halina mwenyewe kwa msimu huo. Anayelifyeka na kulipulizia ndiye anayeokota. Akifanya hivyo misimu miwili mfululizo, shamba linahesabika lake. Ila ukituma salamu kwa mwenyekiti kabla ya palizi, kwamba unaumwa na umeagiza, hakuna anayeligusa. Salamu tu, hata karatasi haihitajiki.

Na Bi Hawa alikuwa na shemeji, Mzee Mfaume, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu mzee shamba lake linapakana na lile, na macho yake yalishavuka mpaka siku nyingi.

Nikamwambia Bi Hawa asiwe na wasiwasi.

Sasa nisikilizeni, na hapa simlaumu Mama Helga wala Makete. Lile ombi la siku nne sikulifikisha. Nilikuwa nimeshasema wageni wanateseka na baridi, sasa nirudi kumwambia mkurugenzi kwamba mgonjwa wake wa baridi anataka kwenda kufyeka? Ningeonekana mwongo. Nikaona bora nipeleke salamu kwa mwenyekiti kimyakimya. Nina pikipiki, ni mwendo wa robo saa.

Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake nikatumwa Kilwa Masoko. Kesho kutwa ikanyesha. Halafu akaja mpiga picha, na salamu nikaisahau kabisa.

Huyo mpiga picha alitumwa toka kwao kuja kupiga picha za winter. Tukawapanga wageni kivulini saa tano asubuhi, kofia za sufu, masweta, mablanketi mabegani. Jasho likaanza kutiririka. Mzee Ngope akaniuliza taratibu ametenda kosa gani.

Mpiga picha hakuridhika. Alisema hawaonekani kuwa na baridi. Alitaka pumzi itoke mdomoni kama moshi. Mchungaji akathibitisha kwamba Makete inatoka, akajaribu yeye mwenyewe mara tatu, haikutoka. Ikabidi viletwe vikombe vya supu ya moto ili mvuke upite mbele ya nyuso. Kisha Mchungaji akasimama nyuma ya kamera akawa anatetemeka mwili mzima ili wazee wamuige. Wale wazee walimtazama kwa huruma ya kweli, bibi mmoja akaomba aitiwe nesi.

Nesi akaja kweli, ila kwa sababu nyingine. Mama Helga aliona jasho la Mzee Ngope akadhani ni homa.

Nilicheka sana siku ile, nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilikuwa nacheka na huku salamu ya Bi Hawa iko mfukoni mwangu.

Kama siku tano baadaye akaja mwanamke mmoja wa kijijini kuuza mboga. Akamwambia Bi Hawa kwamba Mfaume yuko shambani kwake tangu juzi, ana panga na mashine ya kupulizia.

Bi Hawa hakupiga kelele. Asubuhi yake watu wakiwa kwenye ibada alikunja blanketi lake, akaweka kofia juu, akatoka getini na ule mguu.

Nikaambiwa nimfuate na pikipiki nimrudishe, maana ni winter.

Nilimkuta shambani. Amekaa chini, mguu ameunyoosha mbele, anafyeka kwa kujiburuta, majani ya mti mmoja tu. Upande wa pili Mzee Mfaume alikuwa ameshafyeka zaidi ya nusu, miti imekuwa myeupe kwa salfa. Walikuwa hawasemezani. Yeye anapulizia, huyu anajiburuta.

Bi Hawa akanitazama, akaniuliza kama nilifika kwa mwenyekiti.

Nikasema, "Bibi, nilibanwa."

Akaitikia, "Haya," akaendelea kufyeka.

Mguu ulikuwa umefumuka, bandeji imeingia udongo. Nilipomwinua kumpakia kwenye pikipiki hakukataa. Njia nzima hakuniita mwanangu.

Jumapili ile mwenyekiti wa kitongoji akaita kikao. Nilikwenda mimi na Mchungaji, kuwakilisha ofisi. Mzee Mfaume akasema shemeji yake amehamia kwa wazungu, analishwa, anavalishwa, shamba amelitupa, na yeye ameliokoa lisiwe pori. Alisema vizuri, lazima nikiri.

Mwenyekiti akamgeukia Bi Hawa, akauliza swali moja tu: kabla ya palizi, uliagiza?

Bi Hawa akasema, "Nilimwagiza Selemani."

Selemani ni mimi.

Watu wote wakageuka. Mchungaji naye akageuka, faili mapajani. Kwenye faili hilo kulikuwa na fomu yangu ya kuongezewa mkataba, haijasainiwa. Nikijibu ndiyo, itabidi nieleze kwa nini sikusema ofisini, na kwa nini nilitafsiri baridi ambayo haikuwepo, na picha zimeshapelekwa.

Nikasema, "Mwenyekiti, sikumbuki vizuri. Siku zile mambo yalikuwa mengi."

Wakuu, nilisema hivyo. Nimekula kiapo cha kuandika ukweli, basi huo ndio.

Nilitegemea atanitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Bi Hawa akasema, "Basi, mwenyekiti. Labda sikumwagiza. Wazee tunasahau. Mtoto wa watu msimsumbue."

Yaani aliniona ninavyoaibika mbele za watu, akanifunika. Kwa mikorosho yake thelathini na miwili.

Ikaamuliwa kwamba Mfaume ataokota msimu ule. Bi Hawa hakurudi shambani kwa shirika, alikwenda kukaa kwa binti wa dada yake, hapohapo Mitole. Nesi alimfuata mara mbili kumfunga mguu, kisha ikasemekana usafiri hautoshi.

Mnataka kujua ofisini aliandikwaje? Aliandikwa kama mafanikio. Ripoti ilisema kuna mgeni aliyerejea kwenye familia yake akiwa na afya njema, na picha yake ikawekwa ukurasa wa mbele, na kofia, na mvuke wa supu. Ripoti hiyo niliitafsiri mimi. Mimi nami nikasifiwa kwa kuwa daraja kati ya shirika na jamii, fomu ikasainiwa.

Mwezi wa kumi korosho zikaanguka. Nilipita na pikipiki nikaona Mzee Mfaume na wanawe wanaokota. Nikaongeza mwendo.

Mkataba wangu umekwisha mwezi uliopita, makao makuu yamehamishia nguvu nchi nyingine yenye winter zaidi. Siku ya kwanza bila kitambulisho shingoni nilikwenda kwa Bi Hawa.

Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba, akanikaribisha mkekani, akaagiza niletewe muhogo wa kuchemsha. Akaniuliza hali ya Mama Helga, hali ya Mchungaji, na kama lile tetemeko lake lilipona.

Nikalia. Sioni haya kuandika. Nikamwambia nakwenda kwa mwenyekiti leo hii kusema kwamba aliniagiza.

"Usiende," akasema. "Mimi nimeshasema mbele ya watu kwamba labda sikukuagiza. Ukienda kusema nilikuagiza, tutakuwa waongo wawili."

Na msimu wa pili ndio huu umeingia. Mfaume akifyeka tena, shamba limekwenda moja kwa moja.

Basi Jumatatu asubuhi nilichukua panga, nikaenda mwenyewe. Mtu wa Somanga niliyezoea kushika sahani ya samaki, hadi jua la saa sita viganja vilikuwa vimejaa malengelenge. Siku ya tatu nikawa nimesafisha miti kumi na mmoja.

Siku hiyo ya tatu Mzee Mfaume akaja, panga begani. Akasimama. Nikampa shikamoo, akaitika kwa shida. Akaniuliza nafyeka kwa niaba ya nani.

Njiani palikuwa na wanawake wawili wenye kuni vichwani, wakapunguza mwendo. Nikajibu kwa sauti ya kuwafikia nao.

"Bi Hawa kaniagiza."

Akasema, "Mwaka jana ulisema hukumbuki."

"Mwaka jana nilisema uongo, mzee wangu."

Akageuka, akashika njia ya kwa mwenyekiti. Wale wanawake nao wakaongeza mwendo, na nyie mnajua walikuwa wanawahi wapi.

Sasa hapo ndipo nilipoona nimejitia matatani. Kwa sababu, wakuu, safari hii Bi Hawa hakuniagiza. Hajui kabisa kama niko shambani kwake. Na kikao kikiitwa ataulizwa tena mbele za watu kama alimwagiza Selemani, na yule mama hasemi uongo hovyo.

Nikaona bora nimuwahi. Nimekwenda jioni hii, kabla sijaandika huu uzi. Nilimkuta anachambua mbaazi kwenye ungo. Nikamweleza yote: panga, miti kumi na mmoja, nilichomwambia Mfaume, na kwamba mwenyekiti ameshaita kikao cha Jumapili.

Alichambua mbaazi mpaka zikakaribia kwisha. Mimi nimekaa, malengelenge yanawaka, nasubiri.

Mwisho akauliza, "Umeanzia upande gani?"

Nikamwambia upande wa kijito.

Akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe husikii. Mimi nilikuagiza uanzie mpakani kwa Mfaume."

Wakuu, somo nililolipata ni kwamba mtu akikupa salamu uipeleke, ipeleke siku hiyohiyo, kabla hujaanza kucheka ya wengine. Nilicheka winter ya wazungu na barafu ya Makete, na kumbe aliyemtoa Bi Hawa shambani kwake ni mimi.

Karibuni kwenye comments. Mnaotaka kunisema nisemeni, mimi mwenyewe nimeshaanza. Wenyeji wa Kilwa na Liwale mnaojua taratibu za vikao vya mashamba, nipeni neno la kusema Jumapili. Na aliye jirani na Mitole mwenye mashine ya kupulizia salfa ya kuazima, aniandikie inbox. Alfajiri naanzia mpakani.